Ndama Wawili wa Uzi Mmoja

Jumanne, 3 Juni 2025

Mteja mwingine leo. Anataka dubu. Dubu! Nani hapa Isevya amewahi kumwona dubu? Kanionyesha picha kwenye simu. Nikamwambia mimi nafuma ng'ombe, mbuzi, kanga, sungura, na kofia na soksi akipenda. Akaguna. Akauliza jina langu ili alihifadhi kwenye simu. Doto. Hapo hapo: na Kulwa wako yuko wapi, dada?

Kila mtu. Miaka arobaini na minne! Pacha wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na mtu wa Tabora akimwona mmoja lazima amtafute mwingine. Siku nyingine nasema kasafiri. Leo nimejibu: yuko Kwihara, ananing'inia ukutani kwa mama. Akacheka, kadhani namtania.

Ndama wa pili amekwisha. Nundu imenitesa — ukizidisha mishono unapata ngamia. Wote kahawia, baka jeupe kwenye paji la uso. Macho nimedarizi, sikuweka vifungo, watoto humeza. Ndani sufi tupu, si matambara. Ni wa mdogo wangu Shija. Kipimo kimesema mapacha, na mapacha hupewa sawa kwa sawa, la sivyo mmoja atanuna na kuondoka. Ndivyo wasemavyo wazee. Hata mikia nimepima kwa rula.

Jumapili, 8 Juni

Mama kaja kutoka Kwihara, kapitia kwangu baada ya misa. Kawashika ndama, mmoja kila mkono, kama anawapima uzito. Nikangoja neno. Kasema: zawadi haimtangulii mtoto. Kwa nini nimefuma kabla hawajafika?

Nafuma zawadi za watoto wa watu mwaka wa kumi na tano huu. Yangu ndiyo iwe na mkosi!

Nikampa chai. Kanywa, kaondoka.

Alhamisi, 12 Juni

Shija amejifungua. Mapema mno, wiki nyingi kabla. Wasichana wawili. Wako kwenye joto la mashine. Hawaruhusu kuwaona.

Jumamosi, 14 Juni

Kulwa wa Shija amefariki alfajiri. Amebaki Doto wake.



Jumapili, 15 Juni

Tumemzika. Wanawake sita, mchungaji, na Zablon, mume wa Shija. Mama katukataza kulia. Pacha haliliwi, ukimlilia anamwita mwenzake. Shija akauma pembe ya kitenge mpaka ikalowa. Zablon alilia waziwazi, mwanamume mzima, mwalimu wa watu — Mama akamtazama kama mtu aliyevua nguo sokoni.

Mimi sikulia. Nina uzoefu. Wa kwangu pia hakuliliwa. Alifanyiwa mengine.

Jumatano, 25 Juni

Mtoto karuhusiwa kutoka hospitali. Nimekwenda kwao Kitete na ndama mmoja. Mama alikuwepo, na kabla sijaitikiwa shikamoo yangu: yule mwingine yuko wapi? Nimemwacha nyumbani, Mama. Kamlete. Atalala kulia kwa mtoto, awe Kulwa wake, afunikwe naye, apakwe maziwa mdomoni kabla mtoto hajanyonya. Zamani tulitafuta kibuyu, kasema, safari hii Doto katupunguzia kazi.

Yaani nimesifiwa! Ndiyo mara ya kwanza Mama kuisifu kazi ya mikono yangu.

Zablon akasimama. Kwa adabu. Mama, shikamoo yako naipokea — (kachanganya, maskini) — lakini nyumba hii haitalaza sanamu. Mtoto ni mmoja. Anaitwa Asnath. Hakuna Doto hapa.

Tangu amwoe Shija sijawahi kumpenda Zablon. Mahubiri mengi, salamu chache. Leo nilitaka kumshika mkono. Sikumshika. Shija hakumtazama yeyote. Alikuwa anatazama kitanda, ule upande mtupu.

Nimerudi nimekaa. Naandika, maana hakuna wa kumwambia.

Mimi nimelala na kibuyu, kile kinachoning'inia ukutani Kwihara, badala ya Kulwa wangu aliyekufa uchangani. Kidogo, shingo nyembamba, kimevishwa kipande cha kitambaa kilichokatwa kwenye gauni langu. Gauni langu! Uji ukiiva, kwanza kwenye mdomo wa kibuyu, halafu mimi. Kukiwa na baridi, blanketi ilivutwa upande wake. Nikiugua, Mama alikuwa anakiuliza chenyewe: Kulwa, mwenzako umemfanya nini? Nilipokuwa na miaka saba nikakitupa chini. Hakikupasuka. Mama akanichapa, kisha akakiokota na kukibembeleza. Kile, si mimi. Shija alikuwa mdogo, alikaa mlangoni akiona yote. Jina lake lenyewe, Shija, ni la anayezaliwa baada ya mapacha. Hata yeye kapewa jina kwa ajili ya Kulwa.

Namchukia Kulwa. Nimeandika sasa. Sijui hata alikuwa na uso gani.

Ijumaa, 27 Juni

Mama katuma ujumbe kwa simu ya jirani. Mara mbili. Mpeleke ndama.

Sipeleki.

Jumatano, 2 Julai

Baridi ya kipupwe imekuja kweli. Nimepita kwa Shija. Kichwa cha mtoto kama chungwa, kofia zote za dukani zinamfunika mpaka pua. Nikasema nitamfumia. Shija kauliza: rangi gani? Nikasema kahawia, afanane na ndama wake. Katabasamu kidogo. Tangu msiba sikuwa nimeona meno yake.

Sokoni kahawia hakuna. Nimezunguka kote. Kuna waridi la kuumiza macho na kijani cha jezi. Uzi laini wa kahawia niliununua wote mwezi wa tano.

Najua ulipo.

Alhamisi, 3 Julai

Nimemfumua.

Nilimwanzia mdomoni nikamalizia mkiani, kwa hiyo kufumua ni kinyume. Nikakata fundo la mkia, nikavuta. Rahisi sana! Wiki mbili za kufuma, na kwa uvutaji wa dakika chache miguu ya nyuma imebaki peke yake mezani. Sufi imetapakaa chumba kizima. Nikaanza kofia papo hapo na uzi ule ule, hata sikuukata. Aliye hai avae. Aliye hai apate uzi wote, blanketi yote, uji wote. Kuna mtu alipaswa kufanya hivi miaka arobaini na minne iliyopita.

Nimefurahi. 

Jumamosi, 5 Julai

Saa nane mchana. Hodi. Shija! Mtoto mgongoni, arobaini yenyewe bado, Zablon hajui. Katoka Kitete kwa miguu. Hakuketi. Dada, nipe yule mwingine. Usiku mtoto anapapasa upande ule, anapapasa tu. Mama yuko njiani anakuja na kibuyu. Sitaki kibuyu, kasema. Nataka wako.

Alikuwa mapajani mwangu. Kichwa, nundu, miguu ya mbele. Tumbo wazi.

Sikuwa na pa kumficha. Shija kamtazama, kisha kaufuata uzi kwa macho mpaka kwenye kofia. Nikamweleza. Vibaya — kofia, baridi, sokoni hakuna. Nilingoja anitukane. Kamchukua ndama kwa mikono miwili, kamrudishia sufi tumboni kwa kidole, kapanda kitandani kwangu, kamlaza mtoto, kamlaza ndama kulia kwake. Kisha kaniuliza bila kunitazama:

"Dada, ulivyokuwa unalala na kile kibuyu, ulikuwa unaona joto?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata mmoja.

Nikasema hapana.

Uongo. Nilikuwa nakikumbatia. Nilikuwa nakiambia mambo. Siku niliyokitupa nililia chini ya blanketi kwa sababu niliogopa kimeumia.

Sasa Shija kalala, mkono juu ya wote wawili. Simu yake inatetemeka mezani: Zablon. Mara ya tano. Mkasi uko pale pale. Kofia bado mizunguko mitatu, na uzi wote uliobaki uko kwenye ndama. Nimejaribu mshono mmoja, polepole. Nikivuta, anatikisika kando ya mtoto, na mtoto anapapasa, anamtafuta. Nimeushika uzi, sijui niukate au nivute.