Gari la Kumpeleka Mwanawema

Jadida, Wete
4 Septemba 1938

Kwa mjomba wangu Mzee Nyange,

Salamu zikufikie huko Tanga nawe u mzima kama sisi. Mama anakusalimu, kikohozi chake kimepungua. Anauliza kama macho yako bado yanasoma.

Dada yangu Mwanawema ameposwa na Himid wa Ole. Harusi ni kabla ya Ramadhani, na gari la kumpeleka ni langu. Tatizo ni kwamba gari liko juu mno toka chini. Mwaka jana bibi harusi mmoja alishuka garini huko Ole, upepo ukapita, mguu ukaonekana. Mpaka leo wanamwita Bi Goti, na sasa ana mtoto. Bi Mwanakhamis, mama yake Himid, ametuma neno kwamba mkwewe atashuka kama mtu anayetoka kizingitini kuingia mkekani.

Basi nimelishusha. Springi za mbele nimezikata mzunguko mmoja kila moja, na za nyuma nimezipunguza vyuma viwili. Limekaa kama kuku anayeatamia, na Jadida nzima inakuja kulitazama. Ila usukani umekuwa mkaidi, unavuta kushoto.

Mama anasema uje harusini. Anasema aliagana na kaka, si na barua.

Mpwa wako,
Jaribu

*

Tanga
15 Septemba 1938

Mpwa wangu Jaribu,

Nimepata barua yako. Mimi ni mzima wa kiasi changu, na macho bado yananitii asubuhi. Mpe mama yako salamu zangu nyingi.

Sasa nisikilize. Gari si kitanda hata likatwe miguu. Magurudumu ya mbele ya gari lako kila moja limeshikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu mfupi, wa chini mrefu. Ulipolishusha, mikono ilibadili mlalo, na gurudumu likainamisha kichwa ndani. Sasa tairi linaliwa upande wa ndani, ambao ukisimama huuoni. Unalisifu kwa nje na huku limekwisha.

Ninginiza timazi mbele ya gurudumu, upime nafasi ya juu na ya chini ya ringi. Mkono wa juu umefungwa kwenye fremu, na katikati pana vibati vyembamba. Ongeza au punguza hapo mpaka gurudumu lisimame. Hilo likishakaa, ndipo uvute uzi toka gurudumu la nyuma hadi la mbele, urekebishe mwelekeo kwa fito za usukani. Usianze na mwelekeo, maana ukigusa kusimama kwake, mwelekeo wote unapotea.

Na upime gari likiwa na watu wake ndani. Likiwa tupu litakudanganya. Kisha kila safari pitisha kiganja upande wa ndani wa tairi. Ukisikia meno kama ya mbuzi ya kukunia nazi, simama.

Kuja siwezi. Pemba niliiacha na ndevu nyeusi, sijui hata njia ya Ole ina kona ngapi siku hizi.

Mjomba wako,
Nyange

*

Jadida, Wete
28 Septemba 1938

Mjomba,

Sote wazima, alhamdulillahi, na tunakuombea nawe.

Nimefanya kama ulivyosema. Timazi limekubali, uzi umenyooka, na usukani umetulia. Jirani yetu Ngwali anasema wewe unaogopa gari kama wengine wanavyoogopa mkwe.

Jambo moja sikuliweza. Nilimwomba mama na shangazi zangu wawili wakae ndani nipime. Walinishangaa. Gari la harusi halikaliwi na mwanamke kabla ya bibi harusi, wanasema, ni kumtangulia mlangoni pake. Basi nimelipima tupu.

Tena harusi imevutwa mbele. Karafuu zimeiva na watu wa Ole hawatakuwa na nafasi. Ni Alhamisi ya tarehe 6.

Mpwa wako,
Jaribu

*

Tanga
4 Oktoba 1938

Jaribu,

Salamu nyingine nitazileta siku nyingine. Barua yako nimeipata sasa hivi.

Umesimamisha magurudumu ya gari tupu. Wakikaa watu watano na sanduku, litashuka tena, na magurudumu yatainama tena. Kama wanawake hawakai, pakia magunia ya karafuu, kila gunia mahali pa mtu, upime upya. Usipopata nafasi ya kupima, Mwanawema aende kwa miguu.

Barua hii huenda ikakukuta umeshaondoka. Nimepiga na simu ya maandishi, maneno matatu tu: PIMA NA MZIGO.

Mjomba wako

*

Jadida, Wete
2 Novemba 1938

Mjomba wangu mpenzi,

Ramadhani njema kwako. Mwanawema yuko Ole kwa mumewe, mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua umekaaje.

Barua yako ilifika siku mbili baada ya harusi. Simu ilifika Jumatano, nami sikuiona.

Tuliondoka alasiri: Mwanawema, somo wake Bi Masika aliyemfunda, mama, shangazi wawili na sanduku miguuni mwao. Gari lilikaa chini mno, nami nikajiambia ndivyo nilivyotaka. Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Ole, penye daraja la miti, usukani ukaanza kutetemeka. Nikakumbuka mbuzi ya nazi. Nikasimamisha, nikapitisha kiganja ndani ya tairi la kushoto. Hayakuwa meno, mjomba. Zilikuwa nyuzi.

Nikawaambia washuke. Shangazi wakakataa. Huku na huku wachumaji walikuwa juu ya mikarafuu, wote wametugeukia. Bi Masika akasema afadhali tufe na heshima yetu. Ndipo Mwanawema akasema toka ndani ya buibui:

“Kaka, nikishuka wataona mguu. Nisiposhuka wataona nini?”

Akaufungua mlango mwenyewe.

Mama akavua pazia lote tulilofunikia madirisha ya gari. Wanawake wakalishika pembe nne, wakamweka dada kati, wakaenda. Mimi nililiteremsha gari tupu pole pole. Tairi lilipasuka karibu na daraja, na gari likalalia ukingo.

Mlangoni Bi Mwanakhamis hakuona ila pindo la pazia lenye vumbi jekundu. Akasema, “Huyu kaja kama walivyokuja bibi zetu.” Bi Goti alikuwepo, na ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Njia nzima mama alikuwa analia, nasi tukadhani anamlilia binti. Tuliporudi alijifunika kanga kichwani, akakaa chini, akanipa ile simu toka kifuani, haijafunguliwa. Akasema, “Soma. Nimeshajiandaa.” Kwetu simu haiji ila na kilio. Alidhani umekufa, akaificha harusi isivunjike, akakubeba peke yake mpaka Ole na kurudi.

Nikamsomea. Akauliza, “Hayo tu?” Nikasema hayo tu. Akanirushia kiatu.

Gari liko juu ya mawe, pale pale darajani.

Mpwa wako,
Jaribu

*

Tanga
13 Novemba 1938

Jaribu,

Mwambie mama yako Kazija mimi hai.

Gari usiliguse, wala kibati usitie. Nakuja baada ya Idi, na timazi langu. Safari hii tutalipima Mwanawema akiwa amekaa ndani, na mama yako ubavuni pake.

Mjomba wako,
Nyange