Kundi la Wazima

Nyumbani,
Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho.
Jumapili mchana, 9 Machi.

Mpendwa Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi sana. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Mtoto wenu, yule Kasuku, bado anaongea mpaka usingizini? Na mgongo vipi? Uliniandikia kwamba umeinua gunia kama kijana, na ujana wenyewe umeshakuaga zamani. Haya, cheka.

Hapa ndipo huwa naandika "mimi ni mzima wa afya". Nimeandika hivyo miaka kumi na minne. Leo nimeyaruka maneno hayo makusudi, usidhani nimesahau. Tulia nikusimulie.

Kazi yangu unaijua, kupiga picha hospitalini, siku hizi kwenye ile mashine kubwa ya sumaku. Mwaka huu daktari wa akili anatuletea watu wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, tunawapiga picha za ubongo. Mashine inaonyesha sehemu zipi zimechangamka na zipi zimezubaa. Daktari anasema picha peke yake haitoshi kumjua mgonjwa, mtu asikudanganye. Ila akilinganisha za watu wengi anajifunza kitu, na tiba anajua aielekeze wapi.

Sasa kulinganisha kunataka na wazima, na wazima wakawa haba. Nikasema, kwani mimi nina nini? Niandikeni! Nikajaza fomu. Unalala? Nalala. Unakula? Nakula. Una mawazo? Sina. Nilijibu chapuchapu kama mtu anayewahi basi. Nikawa mzima namba kumi na tisa.

Mtu akiwa ndani ya mashine uso hatuuoni, na kelele za mashine ni kama za fundi anayegonga mabati. Kwa hiyo kila picha ikiisha namuuliza kwenye spika, "Upo?" Naye anajibu, "Nipo." Ni mtindo wangu tu, haujaandikwa popote, lakini chumba kizima wameushika.

Alhamisi nikalala mimi. Mwenzangu, yule mwenye sauti ya kunadi nguo sokoni, akakaa kwenye kiti changu. Picha ya kwanza ikaisha. Akauliza, "Upo?"

Ndugu yangu! Nilifungua mdomo kikatoka kilio. Nililia mpaka kichwa kikatikisika na picha zikaharibika zote, mimi ninayewagombeza watu wasijikune hata pua! Akauliza tena, upo, dada, upo? Ndipo nilipotambua kwamba tangu tumzike mama hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Mwaka na miezi miwili sasa. Nafungua mlango, nakiambia kiti chake "nimerudi", nawasha redio. Ijumaa nikishakisalimia kiti, sauti yangu siisikii tena mpaka Jumatatu, nikimsalimia mlinzi. Kulala silali. Bado napika chakula cha watu wawili, kisha namwaga. Mimi ni mpweke, Kitindamimba. Basi, nimesema.

Daktari alinitoa kwenye kundi la wazima. Hakunisimanga. Alikaa nami saa nzima akaniuliza maswali yale yale, na safari hii nilijibu kweli. Anasema ni sonona, na inatibika. Tutarudia picha ili ajue pa kuelekeza kifaa kidogo cha sumaku, kitakachonigonga kichwani dakika ishirini kila siku ya kazi, kwa wiki sita. Wengi kinawasaidia, wote hapana, hakunificha. Niko radhi kujaribu.

Ila ana sharti. Lazima awepo ndugu wa kunijulia hali kila siku, la sivyo haanzi, maana wanaoishi peke yao huacha katikati. Kwenye fomu ya tiba pameandikwa "ndugu wa karibu". Nikapakodolea macho. Wa karibu nimtoe wapi? Jirani yangu mwenyewe ananiita "yule wa juu", na tunakaa ghorofa moja!

Nikaandika jina lako. Nimeliandika kwa penseli, ili ukiona mzigo nifute, nisikulaumu. Fomu inarudishwa Ijumaa.

Naona haya kukuomba. Mimi ndiye niliyekuwa nakufunga kamba za viatu, nakufuta kamasi, nakuuliza kila jioni umekula nini. Nilizoea kuuliza. Nikiulizwa mimi, sijui uso niuweke wapi. Sikuombi uje. Usinihubirie, wala usinipe pole za msibani. Nipigie tu jioni, ukishanawa vumbi la kazi, uniulize neno lile moja la kwenye spika. Hata ukikata hapo hapo, imetosha.

Nisalimie Wifi, mwambie simnyang'anyi mume, namwazima dakika moja kwa siku. Kasuku mwambie shangazi yake ana masikio mawili yasiyo na kazi. Kaka mkubwa akija kwenu msalimie pia, ila haya usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu.

Mungu awafunike nyote humo ndani, na mgongo wako aunyooshe.

Wako akupendaye, ambaye safari hii si mzima, ila yupo,

Dada

Kalamu ya wino nimeiweka juu ya fomu.