Dejazmachi Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Jirani yangu Tsion, yule Muhabeshi, kaniachia baba yake. Yeye kaenda Beijing, ubalozini kwao, pasipoti ya mzee ifanywe upya—kaondoka nayo. Viza nayo imekufa tangu mwezi uliopita. Mlinzi wa jengo anasema kila mgeni aandikishwe polisi. Mgeni wangu nimwandikishe kama mwizi? Sikwenda!

Kwao Mzee Mekbib ni Dejazmachi, cheo cha mabwana wa majimbo. Alikuwa waziri wa mfalme. Leo kalala kitanda cha mjukuu wangu Swalha, miguu imetokeza nje.

Jumanne, 15 Aprili

Maonyesho ya biashara ya Pazhou yamefunguliwa. Polisi wamejaa mitaani.

Nimemkaangia samaki, kakataa. Yuko kwaresima, hata maziwa hagusi. Nikamwambia ungesema kabla sijachoma mafuta yangu! Kacheka mpaka kakohoa. Kala maharage.

Kiswahili chake cha Mombasa, alikokimbilia alipotoka jela. Askari walipompindua mfalme wao walimtia jela miaka minane. Alfajiri wakiita majina. Walioitwa, wengi hawakurudi. Wenzake walijikunyata. Yeye akiitwa, anaitika!

"Bi Kazija, nyumba yetu mtu akiitwa kwa jina lake hajifichi. Baba alinilea hivyo."

Vitabu vitatu vya historia ya wafalme wao kaandika. Nikamuuliza waliojificha vitani umewaandikaje. Mistari miwili miwili, kasema, inawatosha.

Nikamwambia hapa kwangu ukiitwa, nyamaza kama jiwe! Kaosha sahani yake. Ndiyo hakusema.

Jumatano, 16 Aprili

Jovitha wa ghorofa ya chini kanitumia sauti: Bibi, polisi wamembeba Mkongo mmoja, hana karatasi. Mzee huyu moyo wake mbovu. Mahabusu tena? Hatoki hai.

Swalha anasema tumpeleke hoteli. Hoteli bila pasipoti? Meiyou, hakuna! Mchina atakupungia mkono tu.

Viatu vyake vilikuwa mlangoni, vikubwa, vinaonekana toka kwenye lifti. Nimevificha chini ya sinki. Herufi hizi nilizofunzwa na marehemu mume wangu jikoni, leo ndizo pekee ninazoziambia siri hii.

Alhamisi, 17 Aprili

Tsion kapiga. Pasipoti tayari! Kesho yuko hapa. Alhamdulillahi, nimelia.

Polisi wamekuja. Swalha yuko dukani Liuhua, niko peke yangu na mzee chumba cha nyuma. Naandika ili nisipige kelele.

Wanagonga kwa Tsion, mlango unaotazama wangu. Jina lake wanalo. Wanalisoma kwa nguvu—Me-ke-bi! Me-ke-bi!

Nimemnong'oneza, si wewe huyo, mzee wangu, jina gani hilo! Katabasamu. "Ni mimi, Bi Kazija."

Kasimama. Anafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. Nimemng'ang'ania mkono wa koti—kanibandua vidole polepole, kama mtoto.

Anauliza viatu viko wapi. Sijui, nimesema. Dejazmachi hatoki pekupeku, hilo nalijua.

Wameita tena.

Kakaa kitandani. Ya Rabi—anavua soksi, macho mlangoni.