Mama Mkwe Kachemsha Asali

Aneth, pokea simu basi! Nimejifungia chumbani nisije nikamjibu mama mkwe vibaya.

Yule mnunuzi wa Dodoma kaja leo. Nilishamwambia kwa baridi hii asali imeganda, akasema hiyo hiyo ndiyo anaitaka, mbichi kama ilivyotoka mzingani.

Nikaenda kumpokea stendi. Tumerudi, namwacha sebuleni, naingia jikoni, nakuta asali inachemka kwenye lile sufuria kubwa la pilau. INACHEMKA, Aneth! Povu juu, nyeusi kama chai ya rangi!

Mama ananiambia, "Nimekuokoa mwanangu. Mgeni angeiona imeganda angesema mmetia sukari."

Kaniokoa!!

Kabla sijafungua mdomo kashaichota kwenye bakuli, kampelekea mgeni. Mgeni kaonja, kanigeukia mimi. "Dada, hii si imepikwa?"

Na mama kasimama pale anatabasamu, anasubiri asifiwe. Ningesema nini mbele ya mama mkwe? Nikasema makosa ni yangu. Mimi! Mimi ninayezunguka Issuna nzima nikiwakataza watu wasiweke asali motoni!

Yule baba ni muungwana. Akasema basi, kama kuna hata ndoo moja ambayo haijaguswa, ataichukua hiyo, na msimu ujao atarudi.

Nikakumbuka ile ya nyuma ya mlango wa stoo. Nikakimbia. Haipo.

Nikamuuliza mama.

"Usihangaike mwanangu, hiyo nayo nimeshaibandika. Inakaribia kuiva."