Panya Wako na Gari Yangu ya Vipande Viwili

Mujukuu wangu Zaituni, asalam aleikum. Sisi wazima. Bibi yako bado anagombana na jirani kila asubuhi, kwa hiyo afya anayo.

Unaniuliza kama umekosea: panya wako wa maabara umewatia jeni iliyounganika kwa vipande vya jeni mbili, ile mnayoshuku inaleta saratani ya damu, na wengi hawajaugua, bado wanarukaruka.

Apana, hukukosea. Wakati wa vita vipuri vilipotea, nami garajini kwangu nikachomelea nusu ya mbele ya gari moja na nusu ya nyuma ya nyingine. Ilitembea mjini miezi mingi, nikajisifu. Siku moja ilipakia simenti, ikapanda mlima wa Kiriri, ikakatika palepale nilipochomelea. Dereva, Mzee Saidi, alitoka salama, akaniambia mbele ya mafundi wangu: "We uliijaribu kwenye tambarare tu."

Nilitaka kulaumu simenti. Lakini magari mengine yalipanda na mzigo uleule. Kasoro ilikuwemo tangu mwanzo, ikingoja mlima.

Basi panya usiwatupe. Watafutie mlima wao, kitu cha kuwaelemea mpaka kasoro ijitokeze.

Mi babu yako Rajabu, ambaye tangu siku ile hakuna gari iliyotoka garaji yangu kabla ya kupanda Kiriri, na usukani nimeshika mwenyewe.