Kinu cha Shaba Hakikumshtua

Mama,

Nimempeleka Adham kupimwa masikio. Usinune. Wali uko tayari, mboga ya mlukhia iko kwenye sufuria ndogo. Usiongeze chumvi, presha yako itapanda.

Najua utasema mkweo ana wasiwasi. Siku ya saba ya Adham, kama desturi yetu, ulimgongea kinu cha shaba karibu na sikio, ukamwambia, “Msikilize bibi yako, mama yako usimsikilize!” Sote tulicheka, yeye hakupepesa hata jicho. Ukasema jasiri kama baba yake. Sasa ana miezi minne, na leo asubuhi muuza gesi kagonga mitungi chini ya dirisha, mtoto kalala fofofo.

~~Mwanao Sherif akipiga simu kutoka Kuwait usimwambie.~~

Mwambie. Maana baadaye, nikimnyonyesha, niliufungulia ule ujumbe wake wa sauti wa Idi. Simu ilikuwa kwenye chaji pale mlangoni. Adham akaachia ziwa, akageuza kichwa.

Hata hivyo nakwenda, roho itulie.

Mwambie Sherif mwanawe alimtafuta mlangoni. Kwamba na mimi nilitazama, hilo usimwambie.

Mkweo,
mama Adham