Mwendo wa Harusi

Same, 9 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na baridi ya Bombo haijakuzidishia maumivu ya goti. Mimi sijambo, ila joto la Same litanikaanga. Ulisema simu ni ya salamu, mambo ya maana yaandikwe. Haya, jambo la maana ni hili: nimeomba kuingia bendi ya chuo!

Ni bendi ya matarumbeta kama yetu ya usharika, ila hii inapiga huku ikienda gwaride, mistari imenyooka, sare nyeupe. Siku ya majaribio Mwalimu Rogers, anayeifundisha, akaniambia, "Piga chochote unachokijua vizuri." Nikavuta pumzi, nikapiga ule wimbo wetu wa kusindikiza jeneza. Niliupiga kwa moyo wote, Baba, kama ulivyonifundisha. Matroni akatoka bwenini mbio, khanga begani, anauliza, "Jamani, nani amefariki?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Mwalimu amesema pumzi ninayo, niende mazoezini. Niombee.

Mwanao,
Irine

Bombo, 17 Novemba 2024

Irine mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, linazeeka na mwenyewe. Mbuzi amezaa mapacha. Barua yako Anold, kondakta wa basi, aliniletea mazoezini, nikawasomea bendi nzima. Mzee Loth alicheka mpaka akakalia ngoma yake. Matroni wa watu!

Usione aibu. Ungepiga nini kingine? Zamani tulikuwa tunaitwa harusini kila Jumamosi. Siku hizi maharusi wanakodi spika na dijei, sisi wanatukumbuka mtu akishakata roho. Tangu ushike tarumbeta umepiga mazikoni tu. Utazoea. Mtoto wangu mimi Sifael ashindwe na gwaride? Thubutu!

Baba yako

Same, 30 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hapo nyumbani hamjambo? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauko sawa.

Shida yangu ni miguu. Nikiweka tarumbeta mdomoni tu, miguu inaanza ule mwendo wetu wa msibani: hatua, unasimama kidogo, hatua nyingine. Aliye nyuma ananivaa. Jana mstari mzima uliangukiana, tromboni ya watu ikabonyea. Mwalimu Rogers ni mpole, ila amesema wazi kwamba mwisho ni Januari 25. Nisipoweza kwenda sawa na wenzangu, nirudishe tarumbeta.

Agape, tunayelala naye chumba kimoja, ananifundisha jioni nyuma ya bweni. Nikiwa mikono mitupu natembea kama askari. Nikishika tarumbeta, namwona Mama. Siku ile nilipiga kutoka mlangoni kwetu mpaka kaburini, na tangu hapo kila nikipiga najikuta kwenye njia ile ile. Naitaka sana bendi hii, Baba. Nimechoka kumzika Mama kila siku.

Mwanao,
Irine

Bombo, 8 Desemba 2024

Irine mwanangu,

Marahaba. Hapa hatujambo. Mvua imenyesha, maharage yametambaa vizuri. Mchungaji anakusalimu. Mzee Loth anakusalimu. Mbuzi na wanawe wanakusalimu. Naona nazunguka mbuyu. Ngoja niseme.

Barua yako hii sikumsomea mtu. Dawa yako ni kupiga harusini, na harusi ipo. Tarehe 11 Januari, hapa hapa kanisani kwetu, bendi yetu itawatoa maharusi mlangoni mpaka barabarani. Bibi harusi ni Evaline, yule mjane anayeshona sare za kwaya. Bwana harusi unamjua. Ni mimi.

Tangu uende chuo naongea na sufuria, Irine. Evaline ananisikiliza hata nikirudia hadithi mara ya tatu. Mama yako sijamsahau na sitamsahau. Ila sikutaka uyasikie haya kwa watu. Je, uko radhi? Na utatupigia? Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Baba yako

Bombo, 27 Desemba 2024

Irine,

Hujambo mwanangu? Krismasi imepita, hukuja. Nasikia umekaa kwa kina Agape. Anold anaapa barua alikupa mkononi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo wenyewe nauogopa. Tumeshatangazwa kanisani mara mbili. Evaline anasema tuahirishe mpaka utakapojibu. Nilikuwekea makande, nimeyala mwenyewe leo asubuhi.

Baba yako

Bombo, 14 Januari 2025

Irine mwanangu,

Habari za safari? Sisi wazima, tumechoka tu, masufuria ya watu bado tunarudisha.

Hukuandika, ukaja. Ijumaa jioni nilikuwa nimevaa viatu niende kwa Mchungaji kuahirisha, nawe huyo unashuka kwenye basi na Agape, tarumbeta mgongoni. Ukaniamkia, ukauliza kuna chakula gani, basi! Nikavua viatu.

Jumamosi tulipotoka mlangoni nikauona ule mwendo. Hatua, unasimama. Watu wakaanza kuinamisha vichwa kama msibani, nikasema leo tumekwisha. Ndipo Evaline akaniachia mkono, akapiga kigelegele, akaenda kucheza mbele yako na shela lake, anarudi nyuma nyuma huku amekukazia macho. Bibi harusi mzima! Ukaongeza mwendo. Loth akafuata na ngoma. Mlitukimbiza mpaka barabarani, goti langu mpaka leo linanisema.

Nimefurahi mno, mwanangu. Lakini Jumapili umeondoka bila kunijibu. Sijui kama ulipiga kwa radhi, au ulimstahi tu baba yako mbele za watu. Kila nikikaa nalifikiria hilo.

Baba yako

Same, 26 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama Evaline umpe shikamoo yake. Mimi ni mzima kabisa, na nimepita! Jana tumezunguka uwanja mara mbili. Kwenye kona ya pili miguu ilitaka kunirudisha kule, nikakaza, nikaendelea na wenzangu. Mwalimu Rogers amenipa sare. Agape amelia kuliko mimi.

Sasa nikujibu. Mwezi ule wote nilikaa kimya kwa sababu nilitaka kukuandikia hapana. Nilikasirika sana, Baba. Niliandika hapana karatasi baada ya karatasi, na kila nikiandika nakuona umekaa jikoni unaongea na sufuria, nachana. Nilipopanda basi sikuwa na jibu bado, nilikuwa nimekukumbuka tu. Hata pale mlangoni nilikuwa bado sijui. Nimejua barabarani, nilipogeuka nikakuona unachechemea, unahema, unacheka mpaka gego linaonekana. Nilikuwa nimesahau kicheko chako kilivyo.

Kwa hiyo pokea jibu, hata kama pilau imeshaliwa na masufuria yamerudishwa: ndiyo, Baba. Oa.

Mwanao,
Irine